TAHADHARI: Anayeuza "springi za Safari" za Datsun hapa Nairobi anauza springi zilizokatwa

Wenzangu mnaoendesha magari ya zamani, kuna jamaa anauza springi za Datsun 240Z na za magari mengine ya spoti ya miaka ya sabini. Duka hana. Anatuma picha kwa WhatsApp, mnakutana kando ya barabara, unalipa kwa nambari yake ya M-Pesa, anaenda zake. Msinunue. Mimi nilimpa shilingi 34,000 kwa springi nne, na nusura zinimalize Ngong Road.

Alijua pa kunishikia. Aliniambia ni "springi za Safari", eti zimetoka kwa fundi aliyekuwa akitengeneza magari ya mashindano. Anayelipenda gari la 240Z kama langu anajua dereva Edgar Herrmann alishinda nalo mbio za magari za Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta akashinda nalo 1973. Langu niliachiwa na marehemu mjomba wangu, na hizo hadithi nimekua nazo. Nikaamini.

"Zimebalansiwa, mkubwa. Pima mwenyewe." Nikazisimamisha mbili za mbele juu ya buti ya gari, zikalingana kabisa. Ujanja wake ulikuwa hapo hapo.

Springi ikisimama bila mzigo, urefu wake haukuonyeshi ugumu wake. Ugumu unatokana na unene wa waya, upana wa springi, na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Unene ndio unaotisha: waya wa milimita 12 badala ya 11.5 unaifanya springi kuwa ngumu zaidi kwa karibu asilimia 19, mengine yote yakiwa sawa. Nusu milimita tu, jicho halioni. Na ukikata mzunguko mmoja, springi haiwi laini, inazidi kuwa ngumu, kwa sababu chuma kinachojipinda kimepungua.

Jamaa alichukua springi mbili za magari tofauti, akaikata ile ndefu na nene mpaka ikalingana na mwenzake, kisha akazipulizia zote rangi nyeusi.

Tulipozifunga, upande wa kushoto mbele ulikaa chini kuliko wa kulia kwa milimita 21. Tulipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, sakafu ikiwa sawa na upepo wa tairi sawa. Fundi akalegeza bolti za bushi (ile mipira ya kwenye maungio), akazikaza upya gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, maana bushi ikikazwa gari likiwa juu ya jeki hujisokota na kukudanganya urefu. Hakuna kilichobadilika. Nikampigia muuzaji. "Zitajikalia zenyewe baada ya kilomita mia mbili." Springi mpya hushuka kidogo, ni kweli, lakini haishuki upande mmoja kiasi hicho.

Nilikosea kuendelea kuliendesha. Kona moja ya gari ikiinuliwa, uzito unahamia kwenye kona hiyo na ile ya mshazari wake; kwangu ilikuwa kulia mbele na kushoto nyuma. Kushoto mbele pakabaki pepesi. Siku ya tatu mvua ilikuwa inanyesha, matatu ikasimama ghafla mbele yangu pale Adams. Nilipokanyaga breki, tairi la kushoto mbele lilijifunga peke yake na gari likateleza kuelekea mtaroni. Mwanangu alikuwa kiti cha pembeni. Bado naisikia sauti yake.

Tulizifungua jioni hiyo. Nilikwaruza rangi kwa ufunguo: chini yake kulikuwa na nyekundu iliyochakaa, na chini ya nyekundu kutu. Mwisho wa ile ya kulia ulikuwa na mikwaruzo ya grainda, na hapo karibu chuma kimegeuka bluu kwa moto wa gesi. Chuma cha springi kikichomwa hivyo hupoteza uimara wake. Fundi mmoja Industrial Area aliniwekea zote mbili kwenye presi yake, mashine ya kukandamiza, uzito wa kilo 150 kila moja. Ya kushoto ilibonyea milimita 60. Ya kulia, 44. Ndizo zilizokuwa "zimebalansiwa".

Kabla ya kumpa mtu yeyote pesa, pima unene wa waya kwa vernia (kile kipimo cha sehemu ndogo za milimita) ukiwa umekwaruza rangi kwanza, hesabu mizunguko, na uangalie miisho yote miwili inakaa vipi kwenye kiti chake. Halafu omba zipelekwe kwenye presi. Huyu wangu nilipomtajia kupima kwa vernia alisema ana haraka, na nilipaswa kuondoka hapo hapo. Jueni pia kuna magari ambayo kiwanda chenyewe kiliweka springi tofauti upande wa dereva, kwa hivyo anzeni na kitabu cha gari lenu.

Sasa nikimpigia, mteja hapatikani. Ujumbe wa M-Pesa unao jina lake, sijaufuta, na ninaenda nao Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Wanasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na si lazima uwe na wakili. Kama ulimnunulia springi nyeusi mwaka huu, usilitoe gari kwanza. Zifungue, piga picha za miisho yake, unitumie pamoja na tarehe uliyolipa.