Meseji za maumivu sugu: yasema vizuri, haisikii vizuri

Huduma hii ya kliniki moja ya kisiwani Mombasa imelenga watu ambao maumivu yao yamepita miezi 3: migongo ya mahamali, magoti ya wauza viazi karai wanaosimama kutwa Mwembe Tayari, nyayo zinazowaka moto za wenye sukari. Haitaki intaneti; kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, yatosha. Kujiunga ni dirishani: unataja nambari, lugha na saa unayotaka meseji. Taja saa ambayo simu iko mkononi mwako, si mkononi mwa mtoto anayecheza gemu.

Meseji ni 3 kwa wiki. Ya Jumatatu ndiyo nzuri kuliko zote. Inauliza mambo matatu, kila moja ulipe alama 0 hadi 10: wiki hii maumivu yalikuwaje kwa wastani, yamekupunguzia raha ya maisha kiasi gani, na yamekuzuia shughuli zako kiasi gani. Ni dodoso fupi linalojulikana kwa madaktari kama PEG. Faida yake iko kwenye swali la tatu. Mtu aweza kuandika 7 ya maumivu miezi mitatu mfululizo, kumbe shughuli zimeshuka kutoka 9 hadi 4 kwa vile amerudi kibandani kwake. Ukiuliza maumivu pekee utadhani tiba imeshindwa.

Ya Jumatano ni shauri. Mfano: "Dumu la lita 20 ni kilo 20. Jaza nusu, nenda mara 2. Pumzika KABLA ya kuumwa." Aliyeiandika anayajua maji ya Mombasa na anaijua migongo. Mwenye maumivu sugu akiamka na nafuu hufua, hupiga deki na kuteka maji siku moja, kisha hulala siku tatu. Kupumzika kwa saa, si kwa uchungu, ndiko kunakokata mzunguko huo.

Ya Ijumaa ni dawa, na hapo ndipo mambo yanaanza kulegea. Panadol tembe 2 za miligramu 500, zisizidi 8 kwa saa 24 kwa mtu mzima: sawa. Lakini haitaji kwamba dawa nyingi za mafua nazo zina paracetamol ndani, ile ile ya Panadol, na huko ndiko watu huzidisha bila kujua. Halafu kuna meseji inayosema "saa 8 asubuhi". Saa 8 asubuhi haipo! Mtu ameigeuza kutoka Kiingereza bila kuhesabu. Ni saa 2. Na Ramadhani ikiingia, "kula kwanza, kisha unywe diklofenaki" bado inaingia saa 7 mchana. Anayefunga ama ataipuuza, ama ataimeza usiku tumbo likiwa tupu, na dawa hiyo haina urafiki na vidonda vya tumbo wala figo. Ratiba ingehamishiwa futari na daku.

Kasoro nyingine ni ndogo ila yaudhi. Meseji moja ina nafasi ya herufi 160. Ukiandika "ung'ang'anie" kwa ile alama iliyopinda ya kompyuta badala ya iliyonyooka, nafasi inaanguka hadi 70, na shauri la herufi 150 linakatika vipande vitatu. Kwenye kabambe, kipande cha tatu hufika mbele ya cha kwanza.

Kubwa zaidi ni upande wa majibu. Mtambo unakubali tarakimu tu. Jibu "saba" unapata "Jibu si sahihi". Jibu la majaribio "mgongo wauma, mkojo wakataa kutoka, mapajani ganzi" lilirudishiwa "Jibu si sahihi" hiyo hiyo, pamoja na asante. Dalili hizo zataka hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo huenda imebanwa.

Kenya imeshafanya vizuri kuliko hivi. Katika utafiti wa WelTel, uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa 538 wa VVU walishirikishwa, waliopangiwa meseji walipata "Mambo?" mara moja kwa wiki. Walijibu "Sawa" au "Shida", na wa "Shida" alipigiwa simu na mhudumu. Waliokunywa dawa sawasawa walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 kwa wasiotumiwa. Hapakuwa na mtambo wa ajabu, ila mtu wa kupiga simu. Hapa nesi yupo, lakini majibu huyasoma Jumatatu inayofuata.

Kujibu ni bure. Kutoka ni kwa kuandika STOP. Ukiandika ACHA zinaendelea kuja. Jina la mtumaji lina neno "MAUMIVU", kwa hiyo anayetumia simu moja na jamaa zake aombe libadilishwe siku ya kujiunga: habari za afya ni data nyeti kwa sheria ya 2019, na karani hubadilisha papo hapo akiombwa. Asipoombwa, hasemi.