Kuwatembeza wageni wangu Lushoto: uzoefu wangu na mwongozaji wa kulipia

Huu ni mwaka wangu wa tano kuishi na kufanya kazi Lushoto, mji ulio juu kwenye milima ya Usambara, na kama ilivyo kwa kila aliyehamia huku akitokea kwenye joto la pwani, likizo zikifika nyumba yangu haikosi wageni. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiwatembeza ndugu zangu mwenyewe: nawapeleka Irente kutazama bonde, nawapitisha sokoni, tunapiga picha, kisha tunarudi kula. Desemba iliyopita walikuja mama yangu, ambaye ana miaka 68 na goti bovu, dada yangu na mumewe, watoto wao wawili, pamoja na rafiki yangu wa chuo anayeishi Mwanza. Kwa mara ya kwanza niliamua kulipia mwongozaji wa siku nzima kutoka katika ofisi moja ya waongozaji hapa mjini. Ofisi yenyewe sitaitaja, kwa kuwa lawama nilizo nazo nimekwisha kuwafikishia ana kwa ana.

Bei tuliyokubaliana ilikuwa shilingi 35,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, ndani yake kukiwa na mwongozaji, gari na chakula cha mchana, wakati kiingilio cha hifadhi tulikilipa wenyewe kwa kontroli namba, yaani namba ya malipo ya serikali. Ratiba ilikuwa ni kuingia msitu wa Magamba asubuhi, kula mchana, na kumalizia Irente jioni.

Nianze na lililoniudhi. Gari lilipaswa kufika saa mbili kamili asubuhi, likafika saa tatu na dakika arobaini, nalo lilikuwa Noah, gari dogo la familia, ilhali nilikwisha kuwaeleza kwamba tuko saba na kwamba pamoja na mwongozaji na dereva tutakuwa tisa. Mpwa wangu mdogo alipakatwa siku nzima. Wageni hawa walikuwa wamepanda jana yake kutoka Mombo, kilomita thelathini na kitu za kona tupu zinazopita Soni, na watoto walikuwa wametapika mara mbili njiani. Kuwabana tena ndani ya gari lililojaa ulikuwa ni uzembe wa mtu ambaye hakujishughulisha hata kuhesabu. Simu ya ofisi iliita bila kupokelewa, na aliyetuomba radhi ni kijana mwongozaji, ambaye kosa halikuwa lake.

Kijana huyo, hata hivyo, ndiye aliyenifanya niandike maoni haya. Alimwamkia mama, akapokea marahaba yake, kisha hakumuuliza kama ataweza kutembea, swali ambalo mama yangu hulijibu kwa ubishi siku zote. Alimuuliza, "Bibi, ukipanda ngazi nyumbani, goti linauma wakati wa kupanda au wa kushuka?" Mama akasema wakati wa kushuka. Basi akabadilisha njia papo hapo, tukapita ile yenye mteremko mdogo wakati wa kurudi, na alikuwa amekuja na fimbo mbili kutoka kwao, kwa sababu ndani ya hifadhi si ruhusa kukata hata kijiti. Mimi niliyemzoea mama tangu nizaliwe sikuwahi kuliwaza swali hilo.

Magamba ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, wenye zaidi ya hekta 9,000, na nilikuwa nimeuingia mara tatu kabla ya siku hiyo. Nilichokuwa nikikiona ni miti. Safari hii tulisimama chini ya mkulo, mti ambao mbao zake zimewapa watu wa hapa milango na vitanda kwa vizazi vingi, naye akatupa jani lililoanguka tulifikiche na kulinusa. Harufu yake ni ya kafuri, na mama alisema inamkumbusha sanduku la nguo la bibi yake. Hatua chache mbele alisimama, akainua mkono, akatuonyesha kichaka kilichokuwa usawa wa kifua cha mpwa wangu mkubwa. Ilituchukua karibu dakika nzima kumwona kinyonga aliyekuwa pale, kijani kwa kijani, mwenye pembe mbili zilizotokeza puani kama vipande vya kucha, jicho moja likitutazama sisi na lingine likitazama nyuma.

Dada yangu alirudi nyuma hatua nne. Sisi tuliokulia pwani tumelelewa kumwogopa kinyonga kuliko nyoka, na nilitarajia kijana yule afanye mzaha wa kumshika na kumtisha mtu, kama nilivyoona wengine wakifanya. Hakumgusa. Alieleza kwa upole kwamba hana sumu, kwamba aina hii ni ya milima hii ya Usambara, na kwamba wataalamu wa wanyama wamelipa kundi lake jina la Kinyongia, wakilichukua katika neno letu la Kiswahili. Dada yangu aliporudi kutazama, alirudi kwa hiari yake.

Mbega tuliwaona kwa mbali, mikia yao myeupe ikining'inia juu kabisa ya miti, na hapo akatusimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyekuja kutoka nchi ya Wazigua na Wanguu, akaua simba, na kwa hilo Wasambaa wakamfanya mtawala wao. Ndiyo sababu watawala waliomfuata waliitwa Simba Mwene, na makao yao yakawa Vugha. Mpwa wangu mdogo alisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama mfalme huyo alikuwa na mkia. Mwongozaji alicheka hadi akachuchumaa.

Chakula cha mchana kilikuwa kasoro ya pili. Tuliahidiwa kula mezani kwenye shamba la Irente, lile la Kanisa la Kilutheri linalosifika kwa jibini, mkate wa rai (nafaka inayofanana na ngano) na jemu, lakini ofisi haikuwa imetoa taarifa yoyote kwamba tunakuja. Wahudumu wa pale walitutengea walichokuwa nacho, tukala kwenye majani chini ya mti, na kusema kweli jibini lile pamoja na plamsi za msimu zilizokuwa zimeiva vilitosha. Shemeji yangu, ambaye kwake mlo usio na wali au ugali ni vitafunio, hakukubaliana nami na hakubaliani hadi leo.

Kuhusu jabali la Irente sina mengi, na hapo ndipo ninapoona kwamba mwongozaji si wa lazima. Njia kutoka mjini inajulikana, na mandhari hayahitaji maelezo: mlima unakatika ghafla chini ya miguu, na mita zipatazo elfu moja chini yako yanaonekana mashamba ya mkonge ya Mazinde, kisha nyika isiyo na mwisho. Watoto washikwe mikono muda wote. Nilichojifunza kwake pale ni kuhusu reli inayopita chini, ambayo Wajerumani waliianzia Tanga mwaka 1893 na ikafika Mombo mwaka 1905, nao wakawa wanapanda huku kukimbia joto, mji wakauita Wilhelmstal. Mama hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameiona barabara kuu, nyembamba kama uzi, na mabasi yakitambaa juu yake, akasema kwamba alipita pale kwa zaidi ya miaka thelathini akienda Moshi msibani na harusini, akitazama majabali haya dirishani, na hakuwahi kujua kwamba juu yake kuna watu wanalima kabichi.

Kwa hiyo, ikiwa wageni wako ni vijana wenye miguu mizima na wanachotaka ni picha za Irente na gulio la Jumapili, wapeleke mwenyewe na fedha hizo wanunulie peasi. Ikiwa mna mzee, mna watoto, na mnataka kuingia msituni, lipia mwongozaji, lakini mchague mtu na si ofisi: zungumza naye siku moja kabla, mweleze nani ana tatizo gani, kisha sikiliza anauliza nini. Waambie wageni wabebe sweta hata Desemba. Rafiki yangu wa Mwanza alishinda amejifunga kanga ya dada yangu mabegani.

Kwa huduma nzima nimewapa nyota tatu kati ya tano; ningempa kijana peke yake, angepata tano. Agosti wanakuja shangazi zangu watatu kutoka Dar es Salaam, na nimekwisha kumpigia yeye moja kwa moja. Gari nitalitafuta mwenyewe, na chakula tutabeba, wali na maharage, kwa sababu shemeji naye amesema anarudi.