Kaburi la siri, Green-Wood

Ukifika New York, tenga nusu siku uende Green-Wood, makaburi ya Brooklyn yaliyoanzishwa mwaka 1838. Kuingia ni bure. Juu ya lango kasuku wa kijani wamejenga viota, na kelele wanazo! Wengi huulizia alipozikwa mchoraji Basquiat. Mimi nilifuata kazi ya Sophie Calle, msanii wa Ufaransa: mnara mweupe wa marumaru wenye upenyo mwembamba kama wa sanduku la barua. Unaandika siri yako kwenye karatasi, unaikunja, unaitumbukiza. Basi. Siri zikijaa, mpango ni Calle arudi azifukue na kuzichoma moto. Mradi ulianza 2017 na umepangiwa miaka 25.

Nilimwandikia yule binti niliyekuwa kabla ya kuolewa, mwenye hasira za karibu na uongo mmoja aliomwambia marehemu bibi. Ni upi, hayo ni yetu wawili. Karatasi ilikwama ukingoni, nikaisukuma kwa kidole, ikateleza; hata kishindo sikukisikia. Nikajikuta nimesema “innalillahi” kwa sauti, mama mmoja akageuka kunitazama.

Kasoro? Ukienda kutazama tu utachoka upesi, maana usipoandika kitu unabaki unakodolea jiwe. Ila kwangu hii imeishinda michoro mingi niliyolipia kiingilio. Beba kalamu yako, na uvae viatu vya maana: eneo ni ekari 478, na vile vilima si vya mchezo.