Kujitolea na kikundi cha ukarabati Mkomani: nawapendekeza, ila nunueni miwani

Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Langoni, sikuwahi kushika mwiko wa mwashi. Nilijiunga na vijana hawa wanaokarabati bure nyumba za wajane na wazee mjini Lamu, na natamani watu wengi zaidi wajiunge nao.

Kilichonipendeza kwanza ni kwamba msanifu wao huanza kwa kusikiliza. Alikaa barazani na bibi mwenye nyumba asubuhi nzima. Bibi hakutaja rangi wala mapambo. Alitaka choo cha chini, asipande ngazi usiku, na alitaka mpita njia asione ndani mlango ukiwa wazi. Mchoro ukabadilishwa mbele yake. Aliposhauriwa na jirani apanue chumba, msanifu alimweleza kwa upole: upana wa vyumba vyetu, usiofika hata mita 3, unatokana na urefu wa boriti za mikoko. Ukisukuma ukuta, dari halina pa kulala.

Kazi yenyewe ni chokaa. Ukuta wa bibi ulikuwa umepigwa lipu ya saruji zamani, na ndiyo iliyouumiza. Mawe ya matumbawe hufyonza unyevu na kuutoa. Saruji inaufungia ndani, chumvi inajaa nyuma yake, lipu inabanduka vipande vipande. Tuliibandua yote. Mwashi mzee akanifundisha kulowesha ukuta kabla ya kupaka, la sivyo jiwe kavu litanyonya maji ya chokaa nayo isishike. Halafu kutomelea: vijiwe vidogo vinashindiliwa kwenye nyufa mpaka pasiingie kidole. Tabaka moja jembamba, gunia bichi juu yake jua lisiikaushe upesi, kisha kungoja. Wenye haraka watachoka hapa. Mimi nilipapenda mno, maana kila Jumamosi ukuta ulikuwa mgumu zaidi kuliko nilivyouacha.

Jingine, wanawake hatupelekwi jikoni. Nilipewa ukuta wangu, na mwashi aliukagua kwa timazi kama alivyokagua wa wanaume. Penye kasoro aliniambia bomoa, nikabomoa.

Sasa malalamiko yangu. Chokaa inaunguza ngozi, na jichoni ni hatari kubwa, lakini glovu zilikuwa chache na miwani hakuna kabisa. Nililisema kikaoni. Glovu zimenunuliwa, miwani bado, na sioni sababu ya kungoja mfadhili kwa jambo hili. Pia boriti zilichelewa, bibi akalala kwa mwanawe muda mrefu kuliko alivyoahidiwa. Asingeondolewa nyumbani kabla boriti hazijafika.

Ukienda, vaa viatu vya kufunika vidole, na miwani uje nayo. Fika mapema, jua halijapanda. Kazi inayofuata ni paa la chuo (madrasa) cha watoto linalovuja, na mawe yanabebwa kutoka gatini kwa punda wa kukodi, kwa hiyo mwenye punda anayeweza kutoa hata asubuhi moja atawafaa kuliko mwenye pesa.