Medigap ipi umnunulie mzazi aliyefika miaka 65 Marekani

Mzazi akitimiza miaka 65 na kupata Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, familia nyingi hudhani suala la matibabu limekwisha. Halijaisha. Sehemu A ya Medicare inalipia kulazwa, lakini mwaka 2025 mgonjwa alitakiwa kutoa mwenyewe dola 1,676 za mwanzo, na si mara moja kwa mwaka: akikaa siku 60 nje ya hospitali kisha akalazwa tena, anaanza upya. Sehemu B inalipia madaktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi. Ukishatoa dola 257 za mwaka huo, inabeba asilimia 80 na kukuachia 20, na hiyo 20 haina kikomo. Kwa mafua si kitu. Kwa saratani, ndipo watoto huanza kuchangishana kwenye kundi la WhatsApp.

Medigap ni bima ya kampuni binafsi inayolipa hayo mabaki. Ili kuinunua, mzazi lazima awe na Sehemu A na B zote mbili. Aliyefanya kazi na kukatwa kodi ya Medicare kwa miaka 10, au ambaye mwenzi wake alifanya hivyo, halipii Sehemu A. Mzazi uliyemleta juzi ni habari nyingine: anahitaji kadi ya kijani (green card, kibali cha ukaazi wa kudumu) na miaka mitano ya kuishi nchini mfululizo, na hata hapo mwaka 2025 Sehemu A ilimgharimu dola 518 kwa mwezi, B dola 185. Hizo ni dola 703 kabla hujaigusa Medigap. Kwa mzee wa namna hiyo, uliza kwanza Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Akiipata, kwa kawaida Medigap haina kazi kwake, na wakala anayejua ana Medicaid hapaswi kumuuzia. Ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi, wakiwemo wengi kutoka Kongo, wasicheleweshe kadi ya kijani: sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imewaondoa wakimbizi wasio na kadi hiyo kwenye orodha ya wanaostahili Medicare.

Mipango ya Medigap hupewa herufi, na herufi moja ina mafao yale yale popote inapouzwa. G ya kampuni yenye matangazo kwenye televisheni na G ya kampuni usiyoijua zinalipa bili ile ile. Usilipie jina. Massachusetts, Minnesota na Wisconsin pekee ndizo zenye mipango ya aina yake, kwa hiyo Wakenya wa Minneapolis wasitafute herufi hizi. Kwao kuna mpango wa msingi na ule mpana, na nyongeza za kuchagua.

Mimi napanga hivi.

Wa kwanza ni Mpango G. Unalipa zile dola za mwanzo za hospitali, unalipa asilimia 20 ya daktari, na kinachobaki kwa mzee ni zile za mwanzo za Sehemu B kwa mwaka tu, ambazo mwaka 2025 zilikuwa 257. Unalipa pia pale daktari anapotoza zaidi ya kiwango cha Medicare, jambo ambalo sheria inamruhusu hadi asilimia 15. Ila sababu yangu kubwa ni safari. Medicare yenyewe karibu hailipi kitu nje ya Marekani, na wazee wetu huenda nyumbani. Mpango G unalipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura ugenini baada ya dola 250 za kwanza, mradi dharura itokee ndani ya siku 60 za mwanzo wa safari, hadi jumla ya dola 50,000 maishani. Bibi anayekwenda Mombasa kwa wiki sita yumo. Anayekwenda kukaa miezi minne kijijini, mtafutie bima ya safari.

Wa pili, Mpango N. Ada yake ya mwezi kwa kawaida ni ndogo kuliko ya G, na dharura za safarini zimo vilevile. Kwa kubadilishana, mzee hutoa hadi dola 20 akimwona daktari na hadi dola 50 akienda chumba cha dharura bila kulazwa, na ile ziada ya asilimia 15 hailipiwi. Ohio na Pennsylvania zinaikataza ziada hiyo, hivyo huko N inapanda thamani. Lakini mjue mzee wako. Kuna wazee ambao dola 20 mlangoni ni sababu tosha ya kusema "nitakunywa tangawizi" na kukaa na kifua wiki tatu. Huyo mpe G.

Wa tatu ni G ya gharama kubwa za mwanzo: ada ndogo sana, ila mwaka 2025 ulijilipia hadi dola 2,870 kabla haijaanza kulipa. Inafaa familia yenye akiba kweli, si akiba ya mdomoni. K na L hulipa nusu na robo tatu ya sehemu kubwa ya mabaki, na dharura za safarini hazimo, nazipita. C na F haziuzwi kwa aliyefikia sifa za Medicare kuanzia Januari 1, 2020, kwa hiyo sifa unazosikia za F kutoka kwa jirani mwenye miaka 80 hazikuhusu.

Muda una uzito kuliko herufi. Dirisha ni miezi sita, kuanzia mwezi ambao mzee ana miaka 65 na Sehemu B imeanza. Ndani yake kampuni haiwezi kumkataa wala kumpandishia ada kwa sababu ya sukari au presha. Likifungwa, katika majimbo mengi watamuuliza afya yake, na wanaweza kumkataa kabisa. New York na Connecticut huruhusu kununua wakati wowote.

Ndiyo maana Medicare Advantage ya ada sifuri inahitaji tahadhari. Ni mpango wa kampuni binafsi unaochukua nafasi ya Sehemu A na B, huwezi kuwa nao pamoja na Medigap. Mara nyingi una meno na miwani, vitu ambavyo Medigap haina, lakini pia una orodha ya madaktari wake na vibali vya kuomba kabla ya matibabu mengi. Aliyeingia humo mara tu alipofika 65 ana miezi 12 ya kubadili nia na kupata Medigap bila maswali ya afya. Baada ya hapo kurudi ni kugumu.

Dawa ni Sehemu D ya Medicare, inunuliwe kando. Mume na mke kila mmoja hununua Medigap yake. Ukipewa bei, uliza ada inapangwaje: ile inayopanda kadiri umri unavyopanda huonekana nafuu kwa mtu wa miaka 65 na kumkaba akiwa na 78. Kila jimbo lina ofisi ya SHIP, yenye washauri wa bure wasiouza chochote. Waone kabla ya wakala. Na hati ya bima ikishafika nyumbani, mzee ana siku 30 za kuisoma na kuirudisha akarejeshewa fedha zake.