Atelye ya batiki ya Kamalondo: siku ya muhuri wa shaba lipia, siku ya vivuli fikiria kwanza

Wale mnaniuliza inboksi kama ile atelye ya batiki ya Kamalondo inafaa dola 15, jibu ni ndiyo, ila si kwa siku zote. Wako na jumamosi tatu: ya kwanza unachora nta kwa mkono, ya pili unagonga nta kwa muhuri wa shaba, ya tatu ni michezo ya vivuli wanaita wayang. Kila siku inalipwa peke yake, hakuna mtu anakulazimisha kuchukua zote, na hiyo miye nimeipenda kabisa maana hapa L'shi (Lubumbashi) mtu akishakamata feza yako ya mwezi mzima mbele, siku ya kuhitaji kazi utamtafuta kwa tochi.

Mwenye kufundisha ni mdada wa hapahapa, alisomea Yogyakarta kule Java, kisiwa cha Indonesia, kwa bursi (feza ya masomo) ya Darmasiswa, ile serikali ya Indonesia inawapa wageni wakajifunze lugha na sanaa zao. Wote wanamwita yaya, yaani dada mkubwa, hata bamama wanaoweza kumzaa. Hana maneno mingi. Hotuba ndefu alitoa moja tu, aliuliza nani amevaa kikwembe (kitenge), na karibu bamama wote walikuwa wamefunga, njo akaanza kueleza kwamba ile waksi tunaringia nayo harusini ilianza kwa kuiga batiki ya Wajava. Waholanzi walikuwa wanatawala kule, wakaona watu wanapenda nguo ya nta, wakasema hii tutaitengeneza kwa mashine tuwauzie kwa bei ya chini. Vlisco yenyewe, ile kampuni ya waksi, ilianzishwa 1846 huko Helmond, Uholanzi. Sasa mashine zilikuwa zinaacha mistari midogomidogo pale utomvu waliotumia badala ya nta unapopasuka na rangi kupenya, kule Java watu wakaikataa, lakini Afrika Magharibi walipoiona wakaipokea na mistari yake yote, halafu pole pole ikateremka mpaka kwetu. Mama mmoja fundi cherehani alifungua kikwembe chake cha juu, akakigeuza akakisogeza karibu na macho kutafuta hiyo mistari, akaikuta, akasema "Eh! Miaka yote nakata hii kitu na makasi na hakuna mtu aliniambia." Kwa miye hiyo dakika peke yake ilikuwa nusu ya bei.

Tuje kwenye kazi. Chombo kinaitwa canting, ni kikombe kidogo cha shaba kisichozidi ncha ya kidole gumba, kina mdomo mwembamba mbele na mpini wa mti nyuma. Nta iko kwenye kikaango juu ya mbabula ya makala, unachota, unapangusa chini ya kikombe kwenye ukingo wa kikaango ili isidondoke, unapuliza kidogo kwenye mdomo wake kuuzibua, halafu unatembea nayo juu ya nguo bila kugandamiza. Ni rahisi kuandika hapa. Nta ikipoa inakaa juu ya uzi, inageuka njano nzito, na rangi baadaye itapita chini yake. Ikiwa moto sana inatawanyika na mstari wako unanenepa. Ikiwa sawasawa nguo inaonekana kama imelowa mafuta, ukigeuza upande wa pili unaona mstari uleule. Yaya haangalii kabisa mchoro wako, anageuza nguo anaangalia mgongo wake, na kama nta haijapenya anakwambia rudia kwa upande wa nyuma. Kule Java, alisema, kipande kimoja cha mkono chenye kazi nzuri kinaweza kuchukua wiki nyingi mpaka miezi, kwa hiyo msitegemee kutoka na kikwembe kizima, mtatoka na kitambaa cha kufunika meza ndogo.

Mchanganyiko wa nta nao anaueleza vizuri, na hapa ndiyo unajua mtu amesoma. Parafini peke yake inapasuka ovyo, nta ya nyuki inailainisha, utomvu wa msonobari unaifanya ishike nguo. Nta ya nyuki anainunua kwa hawa wauza asali wa barabarani. Ukimaliza kutia rangi unachemsha nguo kwenye sufuria, nta inaelea juu, unaikusanya inarudi kwenye kikaango. Hakuna kinachotupwa.

Sasa wengi wanakuja juu ya ile maneno ya "batiki ya kisasa" kwenye tangazo lao. Vile wanafanya ni hivi: kwanza unaiga mitindo ya zamani, kawung ile ya viduara vinne vinne, na parang ya mistari ya mshazari. Anasema parang fulani zamani zilikuwa za watu wa ikulu ya Yogyakarta tu, raia alikatazwa kuivaa. Halafu anachukua hizo karatasi za mfano, anaziweka chini ya meza, anasema chora vitu vyako. Mmoja alichora majani ya sombe, mwingine bomba la moshi na ule mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyusha shaba tunaouona kutoka kila pembe ya mji. Na miye niliona kitu: wale walioiga kawung kwa uvumilivu mchoro wao wa sombe ulikaa kwenye nguo nzima, unajirudia vizuri, nafasi ziko sawa, na wale vijana walioruka hiyo hatua kwa kuona ni ya wazee walitoa picha moja kubwa katikati ya kitambaa, inafaa fulana ya kampeni. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie sehemu ya kuiga ni kupoteza muda. Alituonyesha pia kwenye simu kazi ya Batik Fractal ya Bandung, hawa wametengeneza programu wanaita jBatik inayochora mitindo kwa hesabu kwenye kompyuta, halafu mafundi wanaipitisha nta kwa mkono. Ningependa tuijaribu wenyewe ila kompyuta hakuna pale, na hata ingekuwepo, kurati ilikatika saa nne asubuhi ikarudi wakati tunakunja vitambaa.

Siku ya muhuri njo siku ya kwenda. Huo muhuri wanauita cap, Java walianza kuutumia katikati ya karne ya 19 ili kazi iende mbio ishindane na vitambaa vya mashine, na hutengenezwa kwa vipande vyembamba vya shaba vilivyokunjwa na kuunganishwa mpaka vitoe umbo. Shaba! Katika mji gani watu wangeelewa hii haraka kuliko Lubumbashi? Yaya alikuja na muhuri mmoja tu kutoka Java, akaupeleka kwa fundi wa shaba wa hapa, mzee anayegonga sahani za ukutani zile zinauzwa kwa wageni, akamwambia angalia ilivyofungwa, nitengenezee ya kwetu. Mzee akatoa msalaba, ile krwazeti mababu walikuwa wanamimina zamani na kuitumia kama feza na kulipia mahari. Niliushika huo muhuri. Ni mzito, ukiutazama kwa upande unaona utepe wa shaba umesimama wima, na kwenye pembe mbili risasi ya kuunganishia imejaa kupita kiasi, hapo nta inaganda na kuacha doa. Wenyewe wanajua, wanakwangua na kisu. Unauweka kwenye kikaango uchukue joto na nta, unaukung'uta, unaubonyeza kwenye nguo iliyotandikwa juu ya mto wenye unyevu, unainua. Ukifanya mstari mzima wa misalaba halafu nguo ikatoka kwenye buluu, meupe yanabaki pale nta ilipokaa, hata yule kijana wa fulana ya kampeni alinyamaza.

Vivuli sasa. Wayang kulit ya kweli ni sanamu bapa za ngozi ya nyati zilizotobolewa matundu kwa ufundi wa ajabu, mchezeshaji mmoja wanayemwita dalang anazichezesha zote na kuzisemea sauti zote usiku kucha, muziki wa gamelan nyuma yake. UNESCO ilishaitambua hii mapema, 2003, na batiki yenyewe ikafuata 2009. Pale Kamalondo ni katoni, wembe, vijiti vya mishikaki na tochi ya simu nyuma ya shuka. Sina shida na katoni. Shida ni kwamba walitupa asubuhi moja kukata, kufunga mikono na kubuni hadithi, kwa hiyo ikawa kelele za dereva wa taksibasi na polisi wa rulaji, watu wamecheka sana, batoto walifurahi mno, lakini ya Java sikuona zaidi ya lile jina. Kama una batoto wa miaka 8 mpaka 12 wapeleke, watakushukuru. Mtu mzima anayetaka kujifunza kitu abaki na hizo siku mbili za nta, labda wakiigawa hiyo ya vivuli iwe jumamosi mbili nitabadili maneno.

Vitu vya kujua kabla ya kwenda. Mwezi wa sita na wa saba epuka asubuhi, ile baridi yetu inagandisha nta ndani ya canting kabla haijafika kwenye nguo, omba kundi la mchana. Wanafanyia chini ya mabati na moshi wa mbabula pamoja na harufu ya parafini vinakamata kichwa, kaa upande wa geti. Maji ni ya bidoni, na kuchemsha kunataka maji mingi, kundi letu vitambaa vya mwisho vilitoka bado vina nta, ikabidi kila mtu amalizie nyumbani kwake. Glavu walizo nazo ni pea chache na zimetoboka, beba zako kama hutaki kwenda kanisani kesho yake na vidole vya buluu. Na nguo iwe pamba tupu. Sokoni watakuapia ni pamba, we chomoa uzi mmoja uuchome: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu, poliesta inayeyuka inakuwa kitone kigumu. Hiyo nguo ya poliesta haishiki rangi zao, mama mmoja alikuja na mita mbili nzuri sana akarudi nazo vilevile.

Bei ya 15 inaingiza nta, rangi na chai ya saa nne na mikate. Nguo ni yako. Muhuri wa msalaba unaweza kuagiza kwa yule mzee wa shaba kupitia kwa yaya, niliambiwa dola 40, peke yangu siwezi. Tukipatikana watu wanne wa kuchanga mniandikie, miye niko tayari kutoa yangu jumamosi hii.