GIMP na kumeji leya, uzoefu wangu wa kadi za harusi

Mie kazi yangu kadi za harusi, mabango ya maulidi na matangazo ya maduka, nna kiduka cha kuprinti huku Mlandege, na programu yangu ya kutengenezea picha ni GIMP. Bure kabisa, haina malipo ya kila mwezi na kompyuta yangu kuukuu inaibeba. Leo nazungumzia kitu kimoja tu, kumeji leya zinazoonekana, yaani kuziunganisha tabaka za picha ziwe moja, maana vijana wanaokuja kujifunza kwangu wote wanakwama hapo hapo.

Kadi moja utakuta ina leya chungu nzima, bakigraundi, maua, jina la bwana harusi, jina la bi harusi, tarehe ya nikaha, ukumbi. Ukibonyeza Ctrl na M kinakuja kidirisha kinakuuliza leya mpya itanuke izibebe zote hata zilotoka nje ya picha, au ikatwe kwa ukubwa wa picha, au kwa ukubwa wa leya ya chini kabisa. Mie huchukua ya kati, kipande cha ua kilichotoka nje ya kadi nnakitakia nini? Zile ulizozifumba jicho, yaani ulizozificha, zinabaki zilivyo, labda uweke tiki ya kuzifuta, hapo angalia sana. Kuflateni (Flatten Image), kuibana picha yote iwe leya moja, ni kitu chengine, kule zilizofichwa zinaondoka na penye uwazi panajazwa rangi ya bakigraundi, logo inakutokea na kiboksi cheupe.

Tabu ni maandishi. Ukishameji jina si maandishi tena, ni picha, huwezi kubadilisha hata herufi moja. Na watu wetu mnawajua, kadi ishapitishwa na mama, ishapitishwa na shangazi, saa tano usiku inaingia vois ya WhatsApp "samahani mwanangu, karamu imehamishwa Jumapili, halafu jina la babu halimo". Utaanza upya?

Ndo maana mie sana sana natumia New from Visible. Inatengeneza leya mpya juu, mchanganyiko wa vyote unavyoviona, na zile za chini hazijaguswa. Nikitaka kung'arisha kadi nzima au kuiongeza ukali nafanya kwenye hiyo ya juu, mteja akibadili neno naifuta, narekebisha maandishi, natoa nyengine, dakika tu.

Na wale wanaomeji kwanza eti ndo wapate picha ya JPEG ya kutuma, jamani hamna haja! Ukieksipoti JPEG GIMP inaunganisha yenyewe, faili lako la XCF, lile la GIMP yenyewe, linabaki na leya zake zote, muhimu uwe umelisevu. Kumeji moja kwa moja nawaachia wenye kompyuta inayolemewa, hapo kweli inapunguza mzigo wa memori, lakini sevu kopi kwa jina jengine kwanza.

Nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu kumeji wameiweka menyu ya Image na New from Visible menyu ya Layer, mgeni ataionea wapi.